Baridi ya Kiti cha Kushoto

Hita ikilalamikiwa, usianze na boneti. Fungua mlango wa kushoto, kaa kiti cha abiria, funga kioo, mwambie mwenye gari aendeshe. Najua mtanicheka. Ninyi vijana wa siku hizi mnaanza na simu. Mnapiga picha dashbodi, mnanirushia huku Itaka nikiwa katikati ya mibuni yangu, halafu mnaandika: "Mzee, hita haina nguvu, tatizo nini?" Sasa picha itanipa joto mimi? Hita haionekani kwa macho. Lazima mtu akae pale inapopulizia, ayasikilize magoti yake.

Hiyo si akili yangu. Ni ya Fundi Shomari, Mungu amrehemu, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Tanga, akaja Tunduma na malori ya tajiri mmoja, malori yakaondoka yeye akabaki, akafungua gereji karibu na maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Baridi ya huku ilimnyoosha kwelikweli. Ijumaa alikuwa akivaa koti zito juu ya kanzu, na chini ya kanzu suruali mbili, tukimcheka kwa siri. Labda ndiyo maana aliziheshimu hita kuliko fundi yeyote niliyemwona.

Mteja akifika, Fundi Shomari alikuwa akimsalimia mpaka sisi wanafunzi tunachoka. Habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, mvua zimenyesha? Spana zinatuwasha mikononi, yeye bado anaulizia mbuzi. Nilichelewa sana kuelewa kwamba salamu zikiisha, yeye alikuwa ameshausikia nusu ya ugonjwa. "Gari halina mdomo," alikuwa akituambia. "Mdomo anao aliyelipanda. Muulize, kisha ushike kwa mkono, spana ije mwisho."

Kuna sentensi moja inayonipandisha hasira mpaka leo na ustaafu wangu huu: "Hita ya nini, mzee, hapa si Ulaya." Nimeisikia kwa mafundi wazima, wenye ndevu. Anayesema hivyo hajawahi kutoka Igamba alfajiri mwezi wa Juni, ukungu umelala juu ya kahawa na usukani ukiushika unauma. Mafundi wa namna hiyo, hita ikivuja, huikata ile mipira yake miwili ya maji, wakaiunganisha wenyewe kwa wenyewe, wakamwambia mteja kazi imekwisha. Ni kweli haivuji tena. Hata aliyekatwa mguu haumwi goti.

Basi niwaeleze haraka, maana wapo wanaoibadilisha hita bila kuijua. Maji yanayopoza injini yanatoka humo yakiwa ya moto. Sehemu yake inapita kwenye mipira miwili inayoingia nyuma ya dashbodi, kwenye kirejeta kidogo, na feni inapuliza hewa juu yake. Ndiyo hiyo tu. Kwa hiyo hita ikidhoofika, ama maji ni pungufu, ama hayapiti, ama hayana moto, ama hewa ndiyo haipiti. Angalia maji kwanza, injini ikiwa ya baridi. Narudia, ya baridi. Mfuniko wa rejeta la moto hauna urafiki na uso wa mtu. Kisha washa, iache injini ipate moto, ushike mipira yote miwili. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi, kirejeta kimeziba. Yote ya moto na bado unapuliziwa baridi, tafuta kilango cha hewa na kebo yake. Mara nyingi kebo imechomoka tu. Feni ikikoroma, ifungue. Kwenye pikapu moja ya Mlowo nilitoa kiota cha panya, maganda ya mahindi na soksi ya mtoto, na mama mwenye gari akaitambua soksi.

Na mipira yote miwili ikiwa vuguvugu, hapo ndipo ninapomkumbuka Mzee Nzunda.

Mzee Nzunda alikuwa mkulima wa kahawa wa Igamba, mzee wa kanisa, mtu mpole anayeongea kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Fundi Shomari alikuwa ameshafariki, gereji naiendesha mimi. Mzee akaingia na pikapu yake ya zamani, ile ya kiti kimoja kirefu mbele, akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa kushoto na kuanza kupakua. Akatoa blanketi. Akatoa blanketi lingine. Akatoa dumu dogo lililoviringishwa kitenge, ambalo asubuhi lilikuwa na maji ya moto, na sasa lilikuwa baridi kama jiwe. Nilidhani amebeba mzigo wa mtu. Ndani kabisa nikamwona mama.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Samahani sikupi mkono, bado haujafunguka."

Vidole vyake vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja, na mzee akavichukua katikati ya mikono yake akaanza kuvisugua, taratibu, mbele ya mafundi wote, bila aibu yoyote. Huyo alikuwa Mama Tumaini, mke wake. Alikuwa na baridi yabisi. Kila Jumanne alitakiwa kliniki Vwawa, na siku hiyo walikuwa wametoka huko wakaja moja kwa moja kwangu. Akikosa dawa, vidole vinafunga kabisa, hata kifungo cha gauni anafungiwa na mtu.

"Na leo amesema haendi tena," mzee akaniambia.

"Siendi," mama akasema. "Kule wananifungua vidole, njiani gari linavifunga. Sasa ninakwenda kufanya nini? Bora nikae jikoni kwangu na moto wangu."

Mzee alishapita kwa mafundi kadhaa. Mmoja kambadilishia mota ya feni, mwingine kamwambia habari ya Ulaya. Akanishika kiwiko, akanivuta pembeni. "Fundi, huyu akiacha dawa, haanzi tena, ninamjua. Akiacha kwa sababu ya gari langu, mimi nitamtazamaje?"

Nikamkumbuka mwalimu wangu. Nikakaa kiti cha kushoto, mama katikati, mzee akaendesha tukazunguka mjini. Feni ilikuwa inapuliza vizuri tu, ila hewa yenyewe ilikuwa ya asubuhi ya Juni. Nikamuuliza mama inakuwaje safarini.

"Inapuliza baridi mwanzo mwisho," mzee akajibu.

"Mzee, nimemuuliza mama."

"Huyu hajui magari, fundi."

"Magari siyajui," mama akasema, "lakini baridi naijua. Tukipanda mlima mrefu, kinakuja kijoto hapa kwenye goti. Kidogo tu. Tukianza kuteremka, kinaondoka. Ndiyo maana mimi napenda milima na yeye anapenda mteremko."

Vijana wangu, jibu lote lilikuwa kwenye hilo goti. Nikatazama geji ya joto. Mshale umelala chini kabisa, na tulikuwa tumeshazunguka vya kutosha. Tuliporudi nikashika mipira: yote miwili vuguvugu, mmoja ukizidiwa kidogo na mwenzake.

"Mzee," nikamuuliza, "themostati ipo humu?"

Akamtazama mkewe, kisha akatazama viatu vyake. "Niliitoa," akasema.

Kwa ambao hamjaishika: themostati ni kilango kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Maji yakiwa baridi, kinafunga, injini ipate moto upesi. Yakipata moto wa kutosha, kinafungua, maji yaende kupozwa kwenye rejeta. Huku kwetu kila gari likichemsha, themostati ndiyo inayosingiziwa. Inatolewa, inatupwa, na mteja anashangilia. Bila hiyo maji yanakwenda kupozwa muda wote, injini haipati moto wake, mafuta yanaliwa bure, na anayekaa kushoto anaganda.

Mzee akanieleza. Zamani kidogo rejeta lake lilianza kuvuja njiani, wakitoka msibani Mbozi Mission. Msafiri mmoja mwenye huruma akamwambia tia unga wa sembe, utaziba. Akatia. Na uliziba! Ubaya wa unga ni huo, unaziba kweli, ila hauchagui cha kuziba. Haikupita muda mrefu, wakiwa wanapanda mlima, mvua inanyesha, gari likachemsha. Mvuke ukatoka kila upande. Mama Tumaini akalazimika kushuka na miguu yake ile, akatembea kwenye matope mpaka kibanda cha mtu, na mzee akamwona anavyotembea. Kesho yake fundi akamwambia tupa themostati, hutachemsha tena. Akakubali upesi.

"Tangu siku hiyo mshale haujapanda," akasema, "na mimi moyo wangu umetulia. Nilifanya kwa ajili yake, fundi."

Habari ya themostati mama alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. "Kumbe ni wewe?" akamuuliza.

"Ni mimi."

"Baba Tumaini. Umenikinga na moto ukanitia kwenye barafu?" Akampiga begani kwa ile ngumi yake isiyofunguka, halafu akaacha ngumi palepale begani. Nikajifanya natafuta spana.

Nilidhani basi, kazi ni nyepesi. Kumbe mzee akakataa katakata. Zibua unachozibua, akasema, badilisha unachobadilisha, lakini hiyo themostati usiirudishe. Sikugombana naye. Woga wa mtu aliyemwona mkewe akivuta miguu kwenye matope hauondolewi kwa maneno ya fundi. Nikamwomba akae kwenye benchi anitazame tu.

Nikafungua mipira ya hita, nikachomeka mpira wa bomba upande mmoja na kuyafungulia maji polepole. Kirejeta cha hita ni chembamba, ukikifungulia kwa fujo unakipasua. Kisha nikageuza, nikasukuma kutoka upande wa pili. Mkigeuza hivyo ndipo uchafu unapoachia. Kwanza yakatoka maji ya kutu, halafu kikatoka kitu kizito cha kijivu, mabonge mabonge, kinanuka kama togwa iliyosahaulika.

"Ni nini hicho?" mama akauliza.

"Sembe yenu, mama."

"Yesu wangu! Kumbe mwaka mzima ninapuliziwa ugali?" Gereji nzima ikacheka, na mzee naye akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

Rejeta kubwa nikampelekea jirani yangu, fundi wa marejeta. Akalifungua kichwa, akatuita tuje tuone. Njia nyingi za maji zilikuwa zimejaa bonge lilelile. Nikamwonyesha mzee kwa kidole: hiki ndicho kilichochemsha gari lako siku ya mvua. Themostati ilihukumiwa kwa kosa la mwingine. Akainama, akatazama, akakubali kwa kichwa, lakini uso wake bado haukukubali.

Nikavuka upande wa Nakonde kutafuta themostati kwa muuza spea wa Kizambia tuliyezoeana naye. "Awe, bashikulu!" akasema, maana yake hapana, babu, ingawa wakati huo mvi zangu zilikuwa za kuhesabika. "Hapa watu wote wanakuja kuniuliza namna ya kuitoa, wewe unataka kuiweka?" Akafukua makasha mpaka akaipata, mpya, na vumbi lake.

Hapa mnisikilize vizuri. Themostati, hata ikiwa mpya, usiifunge kabla hujaijaribu. Nilikwenda kwa mama ntilie wetu wa pale nje, nikamwomba sufuria ndogo na nafasi kwenye jiko. Nikaitumbukiza kwenye maji, nikawaita Mzee Nzunda na mkewe. Tukainama watatu juu ya jiko la mkaa. Maji ya baridi, imefunga. Maji yakaanza kutoa vipovu, bado imefunga. Yalipokaribia kuchemka, kile kilango kikaanza kuachia, taratibu, bila kuguswa na mtu.

"Inajifungua yenyewe?" mzee akauliza kwa sauti ya chini.

"Yenyewe, mzee. Na maji yakipoa inajifunga."

Akaitazama muda mrefu. Mama Tumaini alikuwa ameisogeza mikono yake juu ya mvuke wa sufuria na anaota moto. "Weka, fundi," akasema.

"Na ikichemsha tena?" mzee akamuuliza.

"Tutashuka, tutakaa kando ya barabara. Tutaongea. Kwani una haraka ya kwenda wapi, Baba Tumaini?"

Mama ntilie naye akasema ninunue sufuria mpya, hawezi kupikia watu supu ya gari. Nilimnunulia.

Wenyewe walilala kwa ndugu yao hapohapo Tunduma. Mimi nikamalizia kazi. Nilifunga themostati, nikatia maji yenye dawa ya rejeta badala ya maji ya mtoni, nikaliegesha gari pua ikiwa juu ya kimlima cha uani, mfuniko wazi tangu injini ikiwa ya baridi, hita imefunguliwa hadi mwisho, nikaliacha liungurume mpaka vipovu vyote vikaisha. Msiruke hatua hiyo. Hewa ikibaki ndani ya mipira, mtabadilisha kila kitu na hita itabaki vilevile, mtaanza kusema gari limerogwa.

Asubuhi yake kulikuwa na upepo ule wa Juni unaoingia mpaka kwenye meno. Tukakubaliana niende nao hadi Vwawa nilipime gari mlimani, kisha nishuke nitafute usafiri wa kurudi. Mzee akashika usukani, mama katikati na mablanketi yake, mimi mlangoni. Tukaiacha Tunduma, tukaanza kupanda. Mshale ukaanza kuinuka. Mzee akawa anaangalia mshale kuliko barabara. Ulipofika katikati, akapiga breki na kusimama kando.

"Inachemsha!"

"Haichemshi, mzee. Hapo katikati ndipo mahali pake."

"Haijawahi kufika hapo!" Mkono wake ulishakwenda kwenye mlango. Nikamwambia tutulie, tuutazame wote. Tukautazama. Haukupanda zaidi. Hakukuwa na mvuke wala harufu, malori yalikuwa yanatupita tu na kutikisa pikapu.

"Baba Tumaini," mama akasema, "achana na mshale. Njoo uone huku."

Alikuwa ameiweka mikono yote miwili mbele ya tundu la hewa. Vidole vilikuwa vinafunguka, kimoja kwanza, kisha chenzake, vikisita njiani, mpaka kiganja kizima kikawa wazi. Mzee akavitazama vile vidole. Machozi yakamtoka, akayaacha. Mama akalivua blanketi la juu, akanipa mimi nilishike.

"Endesha," akasema. "Jumanne tunakwenda."

Mzee akaingiza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukapanda, tukateremka, na kile kijoto hakikuondoka. Mama akasema maneno mawili matatu kuhusu kahawa iliyowiva, la nne hakulimaliza. Kichwa chake kilikuwa kimelala kwenye bega la kushoto la mumewe, mdomo wazi kidogo, kama mtoto aliyeshiba.

Mkono wa kubadilishia gia ni wa kushoto. Tulikuwa tumeshafika tambarare, injini inalilia gia ya nne, nami nimewafokea madereva wengi kwa kosa hilohilo, nimewaita majina. Mzee alizisikia zile kelele, nina hakika. Bega lake halikusogea. Vwawa ikatokea mbele yetu, kituo changu cha kushukia, akanitupia jicho la pembeni bila kugeuza kichwa. Nikamwonyesha kwa kidevu: twende.